Mpini wa Armida

Jumatatu, 3 Machi

Armida ametangaza kwamba ataacha kulenga shabaha. Ametangaza kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Tulikuwa tunakunywa supu. Amesema mashindano ya bonde, Jumapili ya tarehe 16, yatakuwa ya mwisho kwake, kisha akaniomba nimsogezee jibini.

Nimeuliza kwa nini. Macho, amesema. Uongo. Macho yake yanaona doa kwenye shati langu kutoka ng'ambo ya mto Mella. Tatizo ni kidole gumba cha kulia. Tangu Krismasi naona anavyofungua chupa ya achari: anaibana kifuani, anazungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto, kisha ananitupia jicho kuhakikisha sijaona. Mimi natazama dirishani. Yeye anaficha kwamba kinamuuma, mimi naficha kwamba najua. Ndoa ya miaka thelathini na tisa ina adabu zake.

Amelenga miaka thelathini na mmoja. Alhamisi mazoezi, Jumapili mashindano. Mimi silengi, mkono wangu hautulii. Hapa Gardone, mji wa mafundi bunduki, kila nyumba ina mtu wa chuma, bonde zima linagonga na kusaga tangu asubuhi, lakini mimi ni mtu wa mbao. Mlengaji ananiletea bastola yake ya upepo, nachukua umbo la kiganja chake kwenye udongo laini, namchongea mpini wa mti wa jozi unaomkaa mkononi kama ngozi yake mwenyewe. Wa Armida niliuchonga miaka ishirini na miwili iliyopita. Sijawahi kuchonga kitu kizuri vile.

Nikimwambia wazi kwamba mpini unahitaji kurekebishwa, itabidi akiri kwamba mkono unauma. Hatakiri. Alimzaa binti yetu akisisitiza kwamba ni gesi.

Kwa hiyo, mpango. Nitaupunguza mpini wake kwa siri, kidogo kidogo, mpaka kidole kipate pa kulala bila kujikaza. Maumivu yatapungua, atadhani mkono umepona wenyewe, ataendelea kulenga. Sioni tundu popote.

Jumanne, 4 Machi

Nahitaji umbo la mkono wake jinsi ulivyo sasa, siyo ulivyokuwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Udongo siwezi kumpa, atajua. Nikawaza: unga.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kula vizuri kabla ya Kwaresima. Nimesema nina hamu ya casoncelli, zile tambi zake za kujaza nyama, na kwamba nitasaidia. Armida ameniuliza kama naumwa. Donge la unga lilipokuwa tayari nimemwambia nimesikia redioni kwamba unga mbichi unalainisha ngozi, mtu alibane donge kwa nguvu, hivi, kidole gumba juu, na ahesabu hadi ishirini.

Amelibana. Amehesabu hadi ishirini. Amenitazama muda mrefu kidogo, akanirudishia.

Alama ilitoka safi ajabu. Nimeiweka kwenye jokofu nyuma ya siagi, nikashuka karakanani kutafuta plasta, ule unga mweupe wa kumiminia sanamu. Plasta ilikuwa imeganda ndani ya mfuko wake, ikabidi nitafute nyingine. Niliporudi Armida alikuwa ameshalisukuma lile donge, amelikata, amelijaza nyama.

Nimekula mkono wa mke wangu na siagi. Ulikuwa mtamu. Nimeomba niongezewe.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Kanisani. Padri amenipaka majivu, nami papo hapo nimeweka nadhiri ya Kwaresima: nitaacha ujanja. Mwaka jana niliacha pombe, nikafika Ijumaa.

Wakati wa kutoka nimemwona Armida akivaa glavu zake, nikakumbuka zile nyingine za ngozi anazokatia kuni. Anazivaa tangu baridi ianze. Ngozi hushika umbo la mkono. Nimejadiliana na nafsi yangu njia nzima kama kumimina plasta ndani ya glavu ya mkeo ni ujanja. Nimeamua ni kazi.

Saa tano imeganda. Nikaichana glavu. Mkono ukatoka mweupe, mzima, na pale kwenye shina la kidole gumba pana uvimbe kama kokwa. Sikujua kwamba umefika hapo. Nilikaa kwenye kiti cha karakana nikaushika. Plasta ni ya baridi. Nimeushika mpaka ukaacha kuwa wa baridi.

Ameita chakula tayari. Mezani ameuliza nani ameona glavu yake ya kulia. Nimesema paka. Amenikumbusha kwamba hatuna paka. Nimesema paka wa jirani. Amesema paka wa jirani alikufa mwezi wa tisa, na mimi ndiye niliyechimba shimo.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Armida akiwa sokoni nimefanya kazi ya kwanza. Nimeutoa mpini kwenye bastola yake, nimekwangua chini ya kidole gumba kiasi cha unene wa kucha. Si zaidi. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta, na pale palipobaki peupe nikasugua kahawa. Nikaulinganisha na ule mkono wa plasta. Nikarudisha kila kitu mahali pake, hata ule unywele aliokuwa ameuacha kwenye mfuniko wa sanduku.

Jioni amerudi kutoka mazoezini. Nimeuliza habari za huko. Kawaida, amesema. Nimeuliza, kama mtu anayepita tu, mkono ulikuwaje.

"Mkono upi? Ninayo miwili."

Nimesema yote miwili. Amesema yote miwili inanisalimu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Ni siku ya wanawake, nimetoka kununua maua ya mimosa kama kila mwaka. Narudi kwa njia ya kando ya mto, naona kigari chetu cha kijani kimeegeshwa mbele ya karakana ya Gaudenzio.

Lazima niandike kuhusu Gaudenzio, ingawa kalamu haitaki. Naye anachonga mipini. Tulijifunza kwa fundi mmoja, benchi moja, tukila mkate mmoja. Miaka kumi na tisa iliyopita alimwambia mtu kwenye baa kwamba ile mikunjo ninayoweka chini ya vidole aliibuni yeye. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, wala yeye kwangu. Tukikutana tunaitana "fundi", na kila mmoja anajua maana yake.

Nimejificha nyuma ya mapipa ya chupa tupu. Dakika arobaini. Maua ya mimosa yana vumbi, na vumbi lile linanipigisha chafya. Hatimaye Armida ametoka na sanduku la bastola mkononi, anacheka. Anacheka kwa sauti, kama alivyokuwa akicheka enzi za uchumba. Gaudenzio amesimama mlangoni anajifuta mikono. Nikapiga chafya. Armida alikuwa ameshaondoka. Gaudenzio ameyageukia mapipa.

"Mchana mwema, fundi," ameyaambia mapipa.

Nimempa Armida maua yake. Amenibusu, akauliza mbona nanuka divai iliyochacha.

Anamchongesha mpini mpya. Hakuna maelezo mengine. Mke wangu anaingiza mkono wake kwenye mti wa mwanamume mwingine.

Jumatatu, 10 Machi

Jana nzima sikusema kitu. Armida amenipima joto mara mbili.

Leo akiwa sokoni nimefungua sanduku. Mpini ni wangu. Hakuna alama ya tupa ya Gaudenzio popote, na tupa yake ningeijua hata gizani, anakwangua kama anayepalilia. Sielewi. Kama hakwenda kuchongesha, alikwenda kufanya nini dakika arobaini?

Nimeamua: kama ni vita, iwe vita ya ubora. Gaudenzio akimwonyesha lolote, mkono wa Armida utakuwa umeshaonja kilicho bora zaidi. Nimekwangua tena kidogo pa kidole gumba. Kisha, hili ndilo lililo kubwa, nimejenga kitako kipya chini ya kiganja, kwa unga wa mbao na gundi, kipana, cha kuubeba uzito wote ili kidole kisibane chochote. Kidole kilale tu, kama mtu kitandani siku ya mapumziko. Nimekisawazisha juu ya mkono wa plasta mpaka hapakuwa na mwanga kati yao.

Nina miaka sitini na minane, na leo nimefanya kazi bora kuliko ile ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Siwezi kumwambia mtu yeyote. Nimekuambia wewe, daftari.

Alhamisi, 13 Machi

Amerudi kutoka mazoezini anaimba kwa pua. Ameketi akamenya viazi. Kisu mkono wa kulia. Viazi sita, bila kupumzika.

Nimeuliza alama. Mia tatu sabini na moja katika mia nne. Hajafika hapo tangu mwaka juzi. Amesema huenda ni hali ya hewa.

Nimekubali kwamba hali ya hewa imekuwa nzuri. Halafu nimeshuka karakanani kutafuta skrubu, na nimeitafuta kwa muda, kwa sababu nilikuwa silioni benchi vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Baa ya uwanja wa shabaha. Nacheza karata na wazee wenzangu. Gaudenzio ameingia, amekuja moja kwa moja mpaka mezani kwangu, mbele ya watu, na amesema kwa sauti ya chini:

"Fermo. Umepima kwenye kasha?"

Siyo "fundi". Fermo. Nilishtuka hata nikamwonyesha mpinzani karata zangu.

Anazungumzia kasha la ukaguzi. Kabla ya mashindano kila bastola hulazwa ndani ya kasha la mbao, na mfuniko lazima ufunge. Usipofunga, hulengi. Lakini Gaudenzio amejuaje kwamba kuna kitu cha kupimwa? Ni mtego. Anataka nikiri kwamba nimegusa mpini wa mke wangu, kisha akamwambie.

Nimejibu kwamba sijui anaongea nini, na kwamba mtu aliyemchongea Loretta wa Lumezzane mpini unaofanana na kiazi cha kuchemsha asifundishe wengine kupima. Watu wamecheka. Yeye hakucheka. Amesema, haya, Fermo, akanunua maji akaondoka.

Nimeshinda mabishano yale. Karata nimeshindwa.

Kasha sina haja nalo. Jicho langu linapima lenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Naandika yote kwa utaratibu.

Tumefika saa mbili. Armida amevaa sweta la bluu. Meza ya ukaguzi ilikuwa na Bi Piera, aliyewafundisha nusu ya bonde hesabu, akiwa na kasha lake. Armida ameilaza bastola ndani. Bi Piera amefunga mfuniko.

Haukufunga.

Ameubonyeza. Haukufunga. Ameinama, akatazama kwa pembeni, kisha akavua miwani.

"Armida, mwanangu, mpini huu umenenepa. Milimita mbili."

Armida ametazama mpini, kisha akanitazama mimi. Nikafungua mdomo. Nimeeleza habari za unyevu. Nimeeleza kwamba mti wa jozi hunywa hewa ya Machi, hasa ukiwa karibu na mto, kwamba kuna mwaka kabati la mama yangu lilivimba likakataa kufunguka mpaka Pasaka. Nimeongea muda mrefu. Foleni ilikuwa imerefuka nyuma yetu na wote walikuwa wanasikiliza habari za kabati la mama yangu.

"Fermo," amesema Armida. "Nyamaza. Lete tupa."

Sikuwa na tupa. Miaka yote naenda mashindanoni na tupa tatu mfukoni. Leo nilikuwa nimeziacha nyumbani kwa makusudi, nisije nikashukiwa. Bi Piera amesema zimebaki dakika kumi na tano na kwamba yeye hajawahi kuongeza muda, na sisi sote pale tunajua hajawahi.

Ndipo mkono umepita begani kwangu ukiwa na tupa. Gaudenzio. Alikuwa amekuja nayo kwenye koti, imefungwa kwenye kitambaa.

"Alhamisi mazoezini nilikiona kile kitako. Nilijua hutapima," amesema.

Tumekwenda kwenye dirisha la ukumbini. Gaudenzio ameishika bastola na mimi nimekwangua. Kila baada ya mikwaruzo michache Armida ameingiza mkono wake, akaukaza, akasema hapa, au hapana, hapo acha, hapo panalala vizuri. Hakuna aliyeuliza nani alipanga palale. Gaudenzio amepitisha kidole pale chini ya kidole gumba, kwenye ule mkwanguo wangu, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Hapa umepakwangua vizuri," amesema. "Mimi ningepatoboa."

Nimejifuta macho. Vumbi la mbao linaingia machoni.

Mfuniko umefunga. Bi Piera amesema "vyema sana" kama anayesahihisha daftari.

Armida amepata mia tatu sitini na nane. Wa tatu. Loretta wa Lumezzane ameshinda na kiazi chake. Nimetazama risasi zote arobaini za Armida kutoka kiti cha nyuma, na sikutazama shabaha hata moja. Nimetazama kidole gumba. Kimelala tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kwenye gari nimesubiri anipige maneno. Tumepita madaraja mawili. Kisha ameniambia kwamba alijua tangu siku ya unga. Mtu anayemwambia mkewe abane donge kama bastola na ahesabu hadi ishirini, amesema, anadhani amemwoa jana.

Nimeuliza na kwa Gaudenzio je. Amesema aliona pamekwanguliwa, akaogopa mti umebaki mwembamba, utapasuka. Asingeweza kuniuliza mimi, maana ilikuwa siri yangu. Na alitaka mtu amwambie ukweli kama mkono huu una miaka mingine ya kulenga.

"Ungeniuliza mimi," nimesema.

"Wewe ungesema ndiyo hata kama nisingekuwa na mkono."

Nimeuliza Gaudenzio alisemaje. Alisema miaka miwili, labda mitatu, mpini ukiendelea kuchongwa hivyo, na mumewe asipouharibu kwa kuzidisha. Halafu akamsimulia jinsi nilivyokuwa nikiongea na vipande vya mbao nilipokuwa mwanafunzi, nikivipa pole kabla ya kuvikata. Ndicho kilichomchekesha.

Nimeuliza kwa nini hakunikamata mapema, siku zote hizi. Amejibu kwenye taa nyekundu karibu na kanisa.

"Ulikuwa na furaha, mzee wangu. Kila siku ulipanda kutoka huko chini na vumbi la mbao masikioni, ukaniuliza bei ya vitunguu. Ningekukatizaje?"

Ataendelea kulenga. Amesema mwenyewe, bila kuombwa. Ila amenipa sharti moja: nikitaka kurekebisha kitu chake chochote, nimuulize kwanza. Kwa maneno. Kama watu.

Nimeahidi. Nimesimamisha gari kando ya barabara ili niahidi vizuri. Nimemwambia mambo ya siri yamekwisha, na nilimaanisha kila neno. Amenishika mkono kwa ule wa kulia, na nimehakikisha siubani.

Jumanne, 18 Machi

Armida amekwenda Iseo kwa dada yake, atarudi jioni. Jana nilimwona akihangaika na kitasa cha mlango wa stoo. Ni vile vitasa vya duara, vya kuzungusha. Alikizungusha kwa viganja viwili. Nyumba hii ina milango saba.

Vishikio virefu vya mti wa jozi, vya kusukuma kwa kiwiko tu, vingemaliza tatizo. Nilikuwa nakusudia kumuuliza. Lakini ukimuuliza mtu kuhusu kitasa unamfanya aanze kufikiria kitasa, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Hii ni tofauti kabisa na mpini. Mpini ni wake, milango ni yetu sote.

Nimemwita Gaudenzio. Ameingia karakanani kwangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, akatazama huku na huku, akasema naona hujafagia tangu wakati ule. Ameniuliza kama Armida anajua. Nimemwambia kwa namna fulani.

Tumeanza na mlango wa stoo. Nimeving'oa vitasa vya pande zote mbili, cha nje kikaanguka nje. Ndipo upepo ukapita, mlango ukajifunga, nasi tumo ndani.

Naandika haya kwa penseli ya kupimia, nimekaa juu ya gunia la unga wa polenta. Tumo humu tangu saa tisa. Gaudenzio amekalia viazi. Tumekula jibini kidogo na tumekubaliana kwamba ile mikunjo ya chini ya vidole huenda tuliibuni pamoja.

Nimesikia kigari. Nimesikia mlango wa mbele. Sasa anaweka vikapu jikoni. Anaita, anauliza niko wapi.

Nimejibu kwamba nasoma.

Gaudenzio ananinong'oneza nimwambie ukweli. Nimemwambia atulie, nina wazo.